Umetolewa kizazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupona nyumbani na kurudia shughuli zako

Majibu haya ni ya mwanamke anayeruhusiwa kutoka hospitalini baada ya kuondolewa kizazi, na ya watu wanaomhudumia nyumbani. Pale ambapo daktari aliyekupasua amekupa agizo tofauti, fuata lake. Yeye ndiye aliyeona ndani ya tumbo lako.

Nimeambiwa tu "umetolewa kizazi". Hasa kimetolewa nini?

Pata jibu la swali hili kabla hujaondoka wodini, na uliandike, kwa sababu mengi yanayofuata hapa chini yanalitegemea. Uliza mambo manne. Shingo ya kizazi imeondolewa au imeachwa? Ovari, yaani vifuko vya mayai, zimebaki zote mbili, imebaki moja, au hakuna? Upasuaji umepitia wapi: tumbo lililochanwa, ukeni, au matundu madogo ya kupitishia kamera? Na je, kuna kitu kingine kilichoguswa au kushonwa, kama kibofu au utumbo? Wengi huambiwa "mambo yameenda vizuri" wakaridhika, kisha miaka kumi baadaye hakuna anayejua kama bado wanahitaji kupimwa shingo ya kizazi.

Kupona kunachukua muda gani?

Aliyechanwa tumbo ahesabu wiki 6 hadi 8. Aliyepasuliwa kwa matundu madogo au kupitia ukeni hujisikia mwepesi mapema, mara nyingi wiki ya 3 au ya 4, ila makatazo ya kubeba vitu vizito na ya tendo la ndoa yanamhusu vilevile. Uchovu ndio unaochelewa kuondoka. Mwezi wa pili bado unaweza kujikuta umechoka saa nane mchana kana kwamba umelima siku nzima. Ukichoka, lala.

Kidonda kimekauka na sisikii maumivu. Kwa nini bado nazuiwa?

Kwa sababu kidonda unachokiona siyo kile kinachohitaji muda mrefu.

Kizazi kikitolewa pamoja na shingo yake, sehemu ya juu ya uke hubaki wazi. Daktari huifunga kwa kuishona, kama unavyoshona mdomo wa mfuko. Mshono huo uko ndani kabisa. Huuoni, na hauumi sana, kwa kuwa sehemu ya juu ya uke haisikii maumivu kama ngozi inavyosikia. Upande wa pili wa mshono huo umekaa utumbo. Kila unapoinua kitu kizito, unapokaza kusukuma choo au unapokohoa kwa nguvu, msukumo wa tumbo lote hushuka moja kwa moja juu yake.

Kwa aliyechanwa tumbo kuna jambo la pili. Ngozi hushikana ndani ya siku 10 hadi 14, lakini chini yake kuna utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo, na utando huo hata wiki ya sita haujarudia nguvu zake zote. Ukiachia kabla haujakomaa, utumbo hupenya na kuwa ngiri, na ngiri ya kwenye mshono ni upasuaji mwingine.

Nyuzi za ndani zinayeyuka zenyewe, na hupungua nguvu kadiri wiki zinavyokwenda, wakati nyama zenyewe bado zinaungana. Ndiyo maana wiki ya tatu na ya nne zina hatari yake. Maumivu yameisha, wageni wamepungua, wasaidizi wamerudi kwao, na nyumba imejaa kazi zilizolala. Hapo ndipo mwanamke huinua ndoo.

Kuinua kipi ni salama na kipi si salama?

Kwa wiki 6 za kwanza kikomo ni kilo 4 hadi 5, na wiki mbili za mwanzo hata chini ya hapo. Maji hurahisisha hesabu, kwa sababu lita 1 ni kilo 1. Birika lililojaa ni sawa. Ndoo ya lita 10 imekwisha kupita kikomo mara mbili, na ya lita 20 usiiguse kabla ya miezi mitatu, hata kuiburuta, maana kuburuta nako hukaza tumbo. Acha pia kudeki kwa kuinama, kukamua nguo nzito na kusukuma fanicha. Kuosha vyombo vichache, kukunja nguo na kupika chakula kidogo ukiwa umekaa kwenye kiti kirefu ni kazi za kuanzia wiki ya pili.

Mtoto mdogo anayetaka kubebwa, kaa kwenye kiti au kitandani umwache apande mwenyewe mapajani. Usimnyanyue kutoka sakafuni.

Nilitolewa kizazi wakati wa kujifungua. Naweza kumbeba mtoto na kunyonyesha?

Ndiyo. Mtoto mchanga wa kilo 3 au 4 yuko ndani ya kikomo, mradi mtu mwingine akupe mkononi nawe usiiname kumtoa kwenye kitanda cha chini. Nyonyesha ukiwa umelala ubavu, au umpitishe chini ya kwapa ili miguu yake isipige mshono. Maziwa hayatoki kwenye kizazi, kwa hiyo kukitoa hakuyakatizi, ila kama ulipoteza damu nyingi sana maziwa yanaweza kuchelewa. Mnyonyeshe mara kwa mara na uwaeleze wauguzi mapema. Mama huyu hupona majeraha mawili kwa pamoja, kujifungua na upasuaji wa dharura ambao hakuutarajia. Anastahili msaada mara mbili.

Nitumieje dawa za maumivu?

Siku tatu hadi tano za kwanza zinywe kwa saa, usingoje maumivu yapande. Kwa mtu mzima wa kilo 50 au zaidi, parasetamoli ya miligramu 500 ni vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Ibuprofeni ya miligramu 400 inaweza kuongezwa kila baada ya saa 8 baada ya kula. Usiitumie kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hii, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, isipokuwa daktari wako ameidhinisha.

Kosa la kawaida ni kunywa dawa ya mafua juu ya parasetamoli. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na dozi ikizidi huumiza ini. Soma maandishi ya kwenye pakiti. Kosa la pili ni kujikaza. Anayeogopa dawa hulala chali bila kugeuka, havuti pumzi ndefu, hatembei, na hapo ndipo mapafu hupata maambukizi na damu huganda miguuni. Ukipewa tramadoli au kodeini, itumie kwa siku chache tu, na ujue kwamba itakufungisha choo.

Upasuaji ulikuwa tumboni. Mbona bega ndilo linauma?

Katika upasuaji wa matundu madogo tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili daktari aone vizuri. Mabaki yake hupanda hadi chini ya kiwambo cha kupumulia, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho hupeleka maumivu begani. Huisha kwa siku mbili tatu. Kutembea husaidia, na kuweka kitu cha uvuguvugu begani pia. Maumivu ya kifua yanayokuja na kukosa pumzi ni jambo jingine kabisa. Hayo soma kwenye dalili za hatari.

Kuinuka kitandani ni mateso. Kuna namna?

Ipo. Usinyanyuke kwa kuketi moja kwa moja kutoka chali. Hapo misuli ya tumbo ndiyo inayobeba mwili wote. Kunja magoti, nyayo zikiwa juu ya godoro. Geuka ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja kama gogo linalobiringishwa. Sogea mpaka ukingoni, kisha teremsha miguu nje ya kitanda huku ukisukuma godoro kwa kiwiko cha mkono wa chini na kiganja cha mkono wa juu. Uzito wa miguu inayoshuka ndio utakaokuinua. Kaa dakika moja kizunguzungu kipite, kisha simama. Kulala ni njia hiyohiyo ukirudi nyuma.

Ukitaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, kumbatia mto mdogo au taulo lililokunjwa na ulikandamize juu ya mshono. Weka moja kitandani na jingine kwenye kiti unachopenda.

Damu inayotoka ukeni ni ya kawaida?

Kutokwa na uchafu wa kahawia, wa pinki au mwekundu kidogo ni kawaida, na unaweza kuendelea mpaka wiki 6. Ukipungua kisha ukarudi kidogo kati ya siku ya 10 na ya 14, mara nyingi ni nyuzi zinazoyeyuka. Usishtuke ukiona kipande cha uzi kwenye pedi.

Kisicho cha kawaida ni pedi kulowa chapachapa ndani ya saa moja, mabonge ya damu, au harufu mbaya. Tumia pedi za nje tu. Usiingize kitu chochote ukeni, na usijisafishe ndani kwa maji, sabuni wala dawa za asili. Kama damu kidogo inaendelea baada ya wiki 6, mara nyingi ni kinyama laini kilichoota kwenye mshono wa ndani. Daktari hukigusa kwa dawa kliniki, bila kukulaza.

Kidonda cha nje nikitunzeje, na nioge lini?

Kuoga kwa maji yanayotiririka huruhusiwa kwa kawaida baada ya saa 24 hadi 48. Acha maji ya sabuni yapite juu ya mshono bila kusugua, kisha ukaushe kwa kugusagusa na kitambaa kisafi. Kama mshono umejificha chini ya mkunjo wa tumbo, lala chali dakika chache uunyanyue mkunjo upate hewa, kwa maana unyevu wa hapo ndio chanzo kikubwa cha kidonda kuoza. Kujilaza kwenye beseni na kuogelea vingoje mpaka damu ikome na daktari akubali. Usipake unga, mafuta ya kupikia wala majivu.

Ganzi au mwasho kuzunguka kovu unaweza kudumu miezi kadhaa, kwa kuwa vijishipa vya fahamu vya ngozi vilikatwa. Nyuzi zisizoyeyuka na pini huondolewa kati ya siku ya 5 na ya 14, kutegemea mahali zilipo.

Sijapata choo siku tatu. Nifanyeje?

Hili ndilo tatizo linalowasumbua wengi kuliko maumivu yenyewe. Nusu kaputi, dawa kali za maumivu, kulala sana na woga wa kusukuma, vyote huufanya utumbo uzembee. Kunywa maji kiasi cha lita 1.5 hadi 2 kwa siku, kula matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa, tembea, na omba dawa ya kulainisha choo kama laktulosi tangu siku ya kwanza, usisubiri siku ya nne.

Chooni, weka nyayo juu ya kigoda kidogo ili magoti yawe juu kuliko nyonga, inama mbele na viwiko vikae mapajani, kisha pumua polepole mdomo ukiwa wazi. Usibane pumzi. Waliopasuliwa kupitia ukeni hupata nafuu wakishikilia pedi safi kwa kiganja, kati ya uke na njia ya haja kubwa, na kukandamiza taratibu. Kama hutoi hata hewa, tumbo linavimba na unatapika, hilo halihitaji tena laktulosi, rudi hospitalini.

Mkojo unaunguza au hautoki vizuri.

Mpira wa mkojo huacha mwasho wa siku moja au mbili. Kuungua kunakoendelea, mkojo wenye mawingu au harufu kali, na homa, ni maambukizi; peleka mkojo upimwe. Nenda haja ndogo kila baada ya saa 3 au 4 hata kama husikii, maana kibofu huchelewa kutoa taarifa siku za mwanzo. Kukisikia kimejaa na kushindwa kukojoa ni dharura.

Kuna dalili moja ambayo wanawake huificha kwa aibu: mkojo unaovuja wenyewe ukeni, mchana na usiku, mara nyingi ukianza wiki ya kwanza hadi ya tatu. Hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Inatibika. Usivae vitambaa na kukaa kimya.

Ni dalili zipi zinataka nirudi hospitalini bila kungoja?

Nenda saa hiyohiyo, hata usiku, ukipata: damu nyingi kama ilivyoelezwa juu, kukosa pumzi ghafla, kifua kuuma au kukohoa damu, mguu mmoja kuvimba, kuuma kwenye shavu la mguu na kuwa wa moto, kuzimia, mshono kufumuka, maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua.

Ukisikia maji mengi yametoka ghafla ukeni, au kitu kimeshuka na kujitokeza, mshono wa juu ya uke huenda umeachia. Lala chali, magoti yakunjwe. Kama kuna kitu kimetokeza, kifunike kwa kitambaa kisafi kilicholoweshwa maji safi, usijaribu kukirudisha, usile wala kunywa, na upelekwe hospitali haraka.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, wekundu unaosambaa, au maumivu makali ya ubavuni chini ya mbavu: onwa na daktari siku hiyohiyo. Nunua kipimajoto. "Mwili unachemka" hakumsaidii daktari kama nambari.

Nitembee kiasi gani?

Wiki ya kwanza, dakika 5 ndani ya nyumba, mara nne au tano kwa siku. Wiki ya pili, dakika 10 hadi 15 nje, na kila siku chache uongeze kidogo. Ukifika wiki ya sita nusu saa au zaidi haikupi shida. Ngazi panda, ila polepole. Kipimo ni kesho yake: kama umeamka na maumivu mapya au damu imeongezeka, jana ulizidisha.

Ukiwa umekaa au umelala, vuta vidole vya miguu vikuelekee kisha visukume mbele, mara 20 kila saa. Mazoezi hayo husukuma damu ya miguuni isigande. Waliopewa sindano za kuzuia damu kuganda wazimalize zote.

Misuli ya sakafu ya nyonga, inayoshikilia kibofu na uke, ianze kufanyishwa mazoezi mpira wa mkojo ukishatolewa. Kaza kama unayezuia hewa isitoke, shikilia kwa sekunde chache huku ukipumua, legeza kabisa. Lengo ni kufikia sekunde 10 mara 10, mara tatu kwa siku. Usijaribie kwa kukatisha mkojo chooni. Mbio, kuruka na mazoezi ya kukaza tumbo yangoje miezi mitatu.

Tendo la ndoa lini? Na mume atahisi tofauti?

Si kabla ya wiki 6 hadi 8, na kwa aliyetolewa shingo ya kizazi kwa matundu madogo, madaktari wengi husema ngoja mpaka 12. Damu iwe imekoma, na daktari awe ameukagua mshono. Mweleze mume sababu waziwazi: ndani kuna mshono ambao uume unaugusa moja kwa moja. Akielewa hivyo, kusubiri hakuonekani tena kama kukataliwa.

Mara ya kwanza chukueni muda, na wewe uongoze kina na kasi. Uke mkavu, hasa kama ovari zimetolewa, hutaka kilainishi cha maji. Vaselini huharibu kondomu za mpira. Uke haufupishwi kwa kiasi ambacho mume atakigundua, na kufika kileleni kunawezekana. Waliokuwa wakiteswa na damu na maumivu kwa miaka, mara nyingi huona tendo limekuwa la raha kuliko zamani. Mbegu za mume hutoka nje kama kawaida, hazirundikani ndani.

Je, tumboni panabaki shimo?

Hapana. Utumbo husogea na kujaza nafasi mara moja. Na kama ovari zimebaki, mayai yanaendelea kukomaa kila mwezi na mwili huyanyonya.

Nitaingia ukomo wa hedhi?

Ovari zote mbili zikitolewa, ndiyo, na ghafla. Joto la kupanda usoni na jasho la usiku vinaweza kuanza ndani ya siku chache. Aliye chini ya miaka 45 asiliache hili lipite hivihivi, kwa sababu kukosa estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, mapema hudhoofisha mifupa na moyo. Zungumza na daktari kuhusu homoni mbadala, ambazo kwa kawaida hutumika walau mpaka umri wa kawaida wa ukomo, karibu miaka 50. Asiye na kizazi mara nyingi hupewa estrojeni peke yake. Waliokuwa na saratani fulani au endometriosisi (ugonjwa wa nyama kama za ndani ya kizazi kuota nje yake) wana utaratibu wao.

Ovari zikibaki, homoni zinaendelea, ingawa ukomo unaweza kuja mapema kidogo. Hutakuwa na hedhi ya kukuonyesha, kwa hiyo angalia joto, usingizi na ukavu.

Kazini, kuendesha gari, kusafiri?

Kazi ya mezani: wiki 2 hadi 4 kwa matundu madogo, 6 kwa tumbo lililochanwa. Kazi ya kusimama au kubeba: hadi 12, na omba barua inayotaja uzito unaoruhusiwa.

Kabla ya kuendesha, kaa kwenye gari lililozimwa, funga mkanda, na ukanyage breki kwa nguvu zote kama vile mtoto amekatiza barabara. Kama umesita kwa maumivu, bado. Usiendeshe ukiwa umekunywa tramadoli au kodeini. Safari ndefu, shuka utembee kila saa.

Nalia bila sababu.

Sababu ipo: homoni, usingizi mbovu, na kwa wengine, watoto ambao hawatazaliwa tena. Hata aliyeutaka upasuaji huu kwa moyo wote anaweza kuomboleza. Huzuni ikizidi wiki mbili, ukakosa hamu ya kula na kulala, au ukafikiria kujidhuru, mwambie mtu leo na uonane na mhudumu wa afya.

Nilikuwa na damu pungufu kwa sababu ya uvimbe wa kwenye kizazi. Sasa imekwisha?

Chanzo kimetolewa, lakini akiba ya madini ya chuma bado ni tupu. Endelea na vidonge kwa miezi 3 baada ya damu kufika kiwango cha kawaida. Vinywe na kitu chenye vitamini C, si na chai wala maziwa. Choo cheusi ni kawaida.

Kliniki ya wiki ya sita niulize nini?

Uliza majibu ya maabara ya kizazi kilichotolewa. Kila kizazi kinapaswa kupelekwa kupimwa, na wakati mwingine majibu hukaa kwenye faili bila mwenyewe kuyasikia. Omba nakala. Kama shingo ya kizazi iliachwa, unaweza kuona matone ya damu kila mwezi, na kupimwa saratani ya shingo ya kizazi kunaendelea kama zamani. Kama iliondolewa, uliza kama historia yako inataka uendelee kupimwa sehemu ya juu ya uke, hasa ikiwa uliwahi kukutwa na mabadiliko ya seli. Peleka orodha ya dawa unazotumia na ile karatasi uliyoandika wodini.